Mark X kutoka Japani: namna ya kuchagua ile utakayoiuza bila kusumbuka

Ukitaka kuona wapenda magari wa Dar wanapandishiana sauti, taja Mark X. Mmoja atasema ni gari la masharobaro. Mwingine atakwambia hakuna Toyota nyingine ya pesa ile inayokupa V6, gia sita na tairi za nyuma zinazosukuma. Mimi niko na huyu wa pili. Kazi yangu ni kuwaagizia watu magari, na hakuna gari ninaloulizwa kama hili. Kinachonisikitisha ni kwamba ubishi mwingi unaishia kwenye rimu na spidi, wakati swali zito ni hili: baada ya miaka mitatu minne, nani atalinunua kwako, na fundi wake akifungua boneti atakuta nini?

Kwanza ujue unaongelea Mark X ipi. Ya kwanza ilitoka Novemba 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, nayo kwa namba ya modeli ni GRX120 kwa injini ya lita 2.5 na GRX121 kwa ya 3.0. Ya pili ilianza Oktoba 2009, ikabadilishwa uso Agosti 2012 na tena Novemba 2016, na uzalishaji ukafungwa Desemba 2019. Hii ya pili ni GRX130 kwa 2.5 na GRX133 kwa 3.5. Ukiona GRX125 au GRX135, hiyo inavuta tairi zote nne, na nitaieleza baadaye kwa sababu ina mtego wake.

Injini ya 2.5 ni 4GR-FSE katika zote mbili. Kwenye GRX120 ilitoa farasi 215 ikinywa petroli ya daraja la juu la Japani. Kwenye GRX130 Toyota waliishusha hadi 203 ili itumie petroli ya kawaida. Vijana wanalilia hizo farasi 12. Mimi naona ndiyo kazi bora waliyoifanya kwa gari ambalo lingeishia kujaza mafuta Kibaha na Gairo.

Usiamini nembo iliyobandikwa nyuma. Nembo ya 350S, ile ya injini ya 3.5, inanunuliwa dukani na kubandikwa kwa gundi dakika moja. Fungua boneti utafute kile kibati cha chasisi: kitakuandikia aina ya gari, jina la injini na ujazo wake. Ikiwa 3.5 kweli, utasoma GRX133, 2GR-FSE na 3456cc. Ukikuta 2499cc, hiyo ni 2.5 hata kama mwenye nayo anaapa.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe, 2.5 au 3.5, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Inachoma vizuri na kubana mafuta, lakini ina gharama yake. Katika injini za zamani petroli ilikuwa inapita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Hapa haipiti kabisa. Mvuke wa oili unaorudi kutoka chini ya injini unagandia kwenye valvu hizo, unakuwa masizi magumu, na mwisho wake gari linatetemeka likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta, linakosa kwenye silinda moja, taa ya injini inawaka. Fundi asiyeijua injini hii atakubadilishia plagi, kisha koili, kisha noseli zinazopuliza petroli, na bado litatetemeka. Dawa ni kufungua intake, njia ya kuingizia hewa, na kusafisha valvu kwa mkono. Baadhi ya injini hizi hula oili pia, kwa hiyo ukimkuta muuzaji amejaza oili juu ya alama ya mwisho kwenye kijiti, jiulize kwa nini.

2GR-FSE ya 3.5 ina noseli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake zinaendelea kuoshwa. Na ni farasi 318. Kwa ufundi tupu, 3.5 ni injini iliyotulia kuliko mdogo wake, na wanaoitetea wana haki. Hata ushuru wa bidhaa wa TRA hautofautishi: zote mbili zimevuka 2000cc, zote ni asilimia 10.

Ila soko halisomi michoro ya injini. Mnunuzi wa kawaida Tanzania akisikia 3.5 anawaza kituo cha mafuta, simu inakatwa. Yangu ya 2.5 mjini kwenye foleni za Mwenge inanipa kilomita 7 hadi 8 kwa lita, na tayari watu wanashika kichwa. Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi: kama unanunua gari la kukaa nalo mpaka lizeeke, chukua GRX133 ukiipata safi, utafurahi kila ukipanda mlima Kitonga. Kama unajijua huwa unabadilisha gari, chukua GRX130 ya kuanzia Agosti 2012, nyeupe ya lulu au nyeusi. Wapo watakaokutajia Subaru Legacy B4 badala yake. Nayo ni sedani tamu barabarani, siibezi, lakini 4GR-FSE iko pia kwenye Crown na Lexus IS250, ndiyo maana spea zake Kariakoo na Gerezani huzikosi. Mnunuzi wa pili anajua hilo hata kama hajui jina la injini.

Ukishaamua, omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, kabla ya kulipa hata senti. Si picha za tovuti ya muuzaji, karatasi yenyewe. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. 3.5 linafaa ukielewa sababu ya kushushwa. R au RA maana yake gari lilishapata ajali likatengenezwa. Siagizi gari la namna hiyo kwa mtu anayetaka kuja kuuza. Angalia mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. A1, yaani mikwaruzo midogo, tano sita zisikutishe. XX kwenye boneti pamoja na W kwenye fenda zote mbili zinakueleza kwamba uso wa gari hilo uligonga kitu.

Na hapa ndipo mtego wa GRX135 ulipo. Wanaonunua gari la kuvuta tairi nne Japani wengi wao wanaishi kwenye theluji, Hokkaido na Tohoku, ambako barabara humwagwa chumvi. Karatasi ikionyesha mnada wa Sapporo, mji wa Hokkaido, dai picha za chini ya gari: kikombe cha shokapu, mabomba ya breki, kingo za sakafu. Bodi ya juu inaweza kung'aa huku chini kunamomonyoka. Kwa matumizi ya lami ya kwetu, tairi nne zinakuongezea uzito na spea za ziada bila faida kubwa.

Halafu kodi. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA upige hesabu mara mbili, ya gari la 2012 na la karibuni zaidi. Gari lenye miaka zaidi ya 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 kwa uchakavu, na lililopita 10 asilimia 30. Kwa kuwa Mark X ya mwisho ilitoka 2019, muda wa kuagiza isiyo na tozo hiyo unayoyoma. Kwa ndugu zetu wa Kenya hali ni kali zaidi: gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe haliingii kabisa, na mwaka 2025 lilitakiwa liwe limesajiliwa kuanzia Januari 2018. Hesabu mwenyewe imebaki miaka mingapi kabla Mombasa haijaacha kuipokea Mark X.

Unanunua iliyoko hapa nchini? Ifuate asubuhi kabla haijawashwa, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Washa, sikiliza, shika kioo cha pembeni uone kama kinatetemeka. Mulika tochi kwenye pampu ya maji: ukungu wa waridi uliokauka pale ni kulanti, maji ya kupoza injini, inayovuja. Lala chini utazame kava la plastiki la chini ya injini, maana gari hili liko chini na matuta yetu hayana huruma. Wauzaji watakusifia namba E kana kwamba ni cheti cha afya. Namba hiyo inaonyesha gari limesajiliwa Tanzania lini tu. Miaka yake ya Japani na namna lilivyotunzwa haikwambii. Nimeziona namba D zilizotunzwa na mtu mmoja zikiwa tulivu kuliko E iliyopita mikono mitatu.

Likishakuwa lako, badilisha oili kila kilomita 5,000 bila kujadiliana na mtu, maana oili chafu huongeza yale masizi. Weka faili moja: karatasi ya mnada, nyaraka za ushuru, risiti za kila sevisi zenye kilomita. Siku ya kuuza, mwekee mnunuzi faili hilo mezani kwanza, ndipo umpe ufunguo.