Anza na cheusi: kurudisha kontrasti ya monita ya CRT kwenye kompyuta ya DOS

Monita ya tyubu ikianza kutoa picha iliyopauka, wengi hukimbilia kitufe cha kontrasti na kukizungusha hadi kigome. Wanachopata ni herufi nene zenye ukungu, na cheusi kinabaki kijivu vilevile. Kontrasti ni pengo kati ya cheusi na cheupe, na kwenye monita za zamani pengo hilo huliwa zaidi upande wa cheusi. Maelezo haya ni ya monita ya rangi inayopokea VGA (ishara ya picha ya analogi), inchi 14 au 15, iliyounganishwa na kompyuta ya 386 au 486 yenye MS-DOS.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, zima monita na ukitazame kioo. Kile kijivu unachokiona ndicho cheusi chako cha mwisho. Fosfori iliyopakwa ndani ya kioo ina weupe wake, na tyubu haiwezi kuwa nyeusi kuliko ilivyo ikiwa imezimwa. Dirisha au taa iliyo nyuma ya mgongo wako inakuibia kontrasti kuliko kosa lolote la sakiti. Geuza meza, au sogeza taa iwe nyuma ya monita. Halafu futa kioo. Umeme wa volti nyingi huvuta vumbi, na utando wake husambaza mwanga wa maeneo meupe hadi kwenye meusi. Tumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji na kukamuliwa. Usinyunyize kitu moja kwa moja kwenye kioo, na dawa za vioo zenye amonia ziache kabisa kwa sababu huchubua utando wa kuzuia mng'ao.

Sasa kebo. Ishara ya VGA ina volti 0.7 kwa rangi iliyojaa, na kipimo hicho ni sahihi pale tu monita inapokuwa na rezista ya ohm 75 kwenye kila rangi. Chomoa kebo kwenye kompyuta, zima monita, kisha pima kwa multimita kati ya pini 1 na 6 (nyekundu), 2 na 7 (kijani), 3 na 8 (buluu). Kila jozi isome karibu 75. Ikisoma 37 hivi, kuna rezista mbili sambamba, mara nyingi kwa sababu ya kigawanyio cha bei rahisi kinacholisha monita mbili. Kwa kadi ya picha yenye ohm 75 zake, ishara hushuka hadi kama volti 0.47 na picha nzima hufifia. Isiposoma kitu, rezista imekatika au lehemu yake imepasuka: rangi hiyo itawaka kupita kiasi na kuacha kivuli upande wa kulia wa herufi. Kuna dalili nyingine inayowasumbua watu bure. BIOS ya kadi za VGA, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi, hupima mzigo wa nyaya hizi wakati wa kuwaka. Isipoukuta kwenye nyekundu na buluu, huamua kwamba monita ni ya rangi moja na kukupa picha ya kijivu tupu. Kabla ya kuilaumu kadi, pima pini.

Kosa lingine ni kupima kontrasti kwa kutazama maandishi ya DOS. Maandishi hayo ya kawaida ni rangi namba 7, ambayo kwenye kadi ni 42 kati ya 63, yaani theluthi mbili ya volti. Kwa kuwa mwanga wa tyubu haupandi sawasawa na volti, unachopata ni takriban asilimia 40 ya mwanga wa cheupe halisi. Monita nzima kabisa itaonekana hafifu ukiihukumu kwa C:\> peke yake. Tengeneza kipimo chako kwa QBasic, lugha ya kuandikia programu ambayo inakuja na MS-DOS 5 hadi 6.22:

SCREEN 13
FOR i = 0 TO 15
LINE (i * 20, 0)-(i * 20 + 19, 199), 16 + i, BF
NEXT
SLEEP

Utaona mistari 16 ya wima kutoka cheusi hadi cheupe. Rangi 16 hadi 31 za hali hiyo tayari ni ngazi za kijivu. Ngazi ya pili ni 5 kati ya 63, ambayo inatosha kupimia cheusi. Ukitaka kipimo kikali zaidi, ongeza PALETTE 17, 65793 * 3 kabla ya SLEEP, na ngazi ya pili itashuka hadi 3.

Iache monita iwake nusu saa kwanza. Ikiwa bado baridi, cheusi huhamahama na utarekebisha mara mbili. Punguza upana wa picha hadi uone kipande cha kioo kisichopigwa na miale pembeni. Shusha kontrasti hadi karibu na mwisho, kisha shika kitufe chenye alama ya jua. Kinaitwa cha mwangaza, lakini kazi yake ni kupanga cheusi. Kipandishe hadi mstari wa kwanza uanze kuonekana ukilinganisha na pembeni, halafu ukirudishe mpaka ulingane na pembeni kabisa. Mstari wa pili ubaki unaonekana kwa shida. Ukipotea, umeshusha mno.

Kisha kontrasti, kitufe chenye duara lililogawanywa nusu nyeusi, nusu nyeupe. Ipandishe ukitazama mpaka kati ya mistari miwili ya mwisho. Mpaka ukianza kuvimba, au picha ikitanuka kila cheupe kinapoongezeka, umepita. Rudi nyuma kidogo. Ngazi mbili za mwisho zionekane tofauti. Rudi kwenye cheusi uhakikishe hakikupanda, maana kwenye monita nyingi vitufe hivi viwili huvutana. Usitumie kioo kizima cheupe kupimia: sakiti ya kulinda tyubu hupunguza miale yenyewe, nawe utadhani kuna ubovu.

Cheusi kikikataa kushuka hata kitufe cha mwangaza kikiwa mwisho, au ukiona mistari myembamba ya mshazari, volti ya G2 (gridi ya pili ndani ya tyubu) imepanda. Hapo ni ndani ya monita, na mambo yanabadilika. Anodi ya tyubu ya rangi hubeba zaidi ya volti 20,000, na kapasita kuu ya umeme wa 230 hushika karibu volti 325 hata baada ya kuchomoa. Kama hujawahi kufungua TV, mpe fundi. Anayejua avue pete na saa, atumie bisibisi ya plastiki, mkono mmoja tu, na asiisukume wala kuivuta bodi iliyochomekwa shingoni mwa tyubu; shingo ikipasuka hewa inaingia na tyubu imekufa.

Kwenye flaibaki, transfoma inayotoa volti nyingi za tyubu, kuna vitufe viwili vya kuzungusha. Kwa kawaida cha juu ni cha kunoa picha, cha chini, kinachopanga G2, kimeandikwa SCREEN, lakini soma maandishi usikisie. Weka alama ya kalamu mahali kilipo sasa. Rudisha mwangaza na kontrasti katikati, onyesha kioo cheusi, kisha zungusha SCREEN kwa upana wa ukucha tu hadi weusi wa kijivu utoweke. Kisha rudia kazi ya vitufe vya mbele. Cheusi kikibaki na rangi, tuseme chekundu, tafuta kwenye bodi ya shingo kirekebishi cha BIAS cha rangi hiyo. Ngazi nyeupe zikiwa na rangi, ni cha GAIN. Usichanganye hivyo viwili, utazunguka siku nzima.

Mchirizi wa kijivu unaofuata kila kitu cheupe kuelekea kulia mara nyingi ni kapasita iliyokauka kwenye vikuza ishara vya video. Weka mpya ya nyuzi 105, maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za ile ya zamani, na uangalie upande wa hasi.

Lakini kama picha huchukua dakika kadhaa kupata nguvu, na vyeupe hung'aa kama fedha iliyomwagika huku kontrasti ikiwa katikati tu, kathodi, yaani sehemu za tyubu zinazotoa miale, zimechoka. Kupandisha G2 hapo kutakupa mwanga kwa kuharibu cheusi, na kathodi zitachoka upesi zaidi. Tafuta tyubu nyingine, au punguza kontrasti na uitumie gizani.