Jinsi ya kutafsiri uncle bila kuvuruga ukoo wa watu

Huku Mwanza anko ni kila mwanaume, konda wa daladala ya Buhongwa anakuita anko, muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba anko, sa ukiletewa barua ya kizungu umsomee bibi afu ukakuta uncle, usikimbilie kusema mjomba.

Cha kwanza angalia huyo mtu ni kaka wa nani. Wa mama? Basi mjomba, kazi imeisha. Akiwa wa baba ndo kuna shughuli, inabidi ujue nani kazaliwa kwanza kati yake na baba maana baba mkubwa na baba mdogo kwa kizungu wote ni uncle tu na barua haitakwambia (watu wa pwani wana ami wao, wamejiokoa).

Kichekesho ni kwamba asili ya neno ni mjomba kabisa. Limetoka kwenye Kilatini, avunculus, kaka wa mama peke yake, na limejengwa juu ya avus yaani babu, kwa hiyo ni kama kusema ka-babu, babu kadogo. Kaka wa baba Warumi walimwita patruus, mtu mwingine kabisa. Wafaransa wakalifupisha likawa oncle, afu Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa walipoiteka Uingereza 1066 Kifaransa kikaanza kumwaga maneno kule, na hili likawakuta Waingereza wana eam kwa kaka wa mama na fædera kwa kaka wa baba, taratibu likayameza yote mawili. Yaani walikuwa wanatenganisha kama sisi tu, wakaja wakaacha, mi naona walipata hasara. Aunt nayo hivohivo, imetoka kwenye amita, dada wa baba, shangazi halisi, leo mama mdogo naye wamemtupia humohumo.

Ukiwa unageuza Kiswahili kwenda kizungu usije ukaandika small father, watadhani baba yako ni mfupi. Baba mdogo na baba mkubwa andika paternal uncle, mjomba maternal uncle, na kwenye fomu ambayo umri una maana ongeza father's younger brother kwa baba mdogo, au father's older brother kwa baba mkubwa.

Mume wa shangazi naye wanamwita uncle, huyo we andika tu mume wa shangazi. Na kama barua inahusu mahari au mirathi pigia simu mkubwa wa ukoo kabla hujamsomea bibi, usibahatishe.