Jinsi ya kuzipima Duke na North Carolina kabla hazijakutana

Februari 5, 2022, timu ya kikapu ya chuo cha Duke, Marekani, ilikwenda Chapel Hill, nyumbani kwa chuo cha North Carolina, ikawapa wenyeji kichapo cha 87-67. Pointi 20, tena ugenini kwa watani wa jadi. Mwezi mmoja baadaye, Machi 5, timu zilezile zilikutana Durham, nyumbani kwa Duke, katika mechi ya mwisho ya kocha wao Mike Krzyzewski kwenye uwanja wa nyumbani, na North Carolina wakashinda 94-81. Aliyeitabiri mechi ya pili kwa kutazama matokeo ya ya kwanza aliangukia pua. Kila anayeniomba nimfundishe kusoma takwimu za kikapu cha vyuo Marekani, mimi humwanzishia hapo, kwa sababu mechi hizo mbili zinaonyesha kitu gani cha kupima na kipi cha kuacha.

Wastani wa pointi kwa mechi uache kabisa. Timu inayokimbia hupata pointi nyingi na kufungwa nyingi, na hilo halikuambii kama ni nzuri. Kinachopimwa ni pointi kwa kila shambulizi, yaani tangu timu ipate mpira hadi mpira uende upande wa pili. Dean Smith, aliyewafundisha North Carolina tangu 1961 hadi 1997, alikuwa akihesabu hivyo zamani sana, kabla kompyuta hazijaingia kwenye mchezo huu. Leo karatasi ya takwimu ya kila mechi iko wazi, na hesabu yenyewe unaifanya kwa kalamu: chukua mitupo yote isipokuwa mitupo huru (ile inayopigwa baada ya faulo), toa ribaundi za kushambulia (mipira iliyokosa kikapu na kuchukuliwa tena na timu iliyopiga), jumlisha mipira iliyopotezwa, kisha jumlisha mitupo huru ikiwa imezidishwa kwa 0.475. Kipimo hicho kipo kwa kuwa mitupo huru mara nyingi huja miwili miwili, na mingine huja baada ya kikapu ambacho tayari kimehesabiwa.

Chukulia timu ya kwanza imepata pointi 82 kwa mitupo 64, ribaundi za kushambulia 10, imepoteza mpira mara 12 na kupiga mitupo huru 20. Hayo ni mashambulizi 75.5. Timu ya pili imepata 72 kwa mitupo 56, ribaundi 9, imepoteza mara 10, mitupo huru 16. Hayo ni 64.6. Gawanya: ya kwanza inapata pointi 108.6 kwa kila mashambulizi 100, ya pili 111.5. Timu yenye pointi 10 pungufu ndiyo inayoshambulia vizuri zaidi. Fanya vivyo hivyo kwa pointi wanazofungwa, na sasa una namba nne: shambulizi na ulinzi wa kila upande.

Hapo watu wengi husimama, na hapo ndipo mimi naona kazi inaanza. Usilinganishe shambulizi la Duke na shambulizi la North Carolina, kwa kuwa hayo mawili hayakutani uwanjani. Kinachokutana ni shambulizi la Duke na ulinzi wa North Carolina, kisha kinyume chake. Kwa hiyo karatasi yangu ina safu zinazopishana, na kila safu ina mambo manne: ubora wa mitupo, mipira inayopotezwa, ribaundi za kushambulia, na mitupo huru.

Kwa ubora wa mitupo, kikapu cha pointi 3 kihesabu kama kimoja na nusu kabla ya kugawa kwa mitupo yote. Anayefunga 4 kati ya 10 kutoka mbali ni sawa na anayefunga 6 kati ya 10 karibu na ringi. Kuna mtego hapa kwenye upande wa ulinzi: asilimia ya pointi 3 ambayo wapinzani wameipata dhidi ya timu fulani hupanda na kushuka kwa bahati kuliko watu wanavyodhani. Mlinzi anaweza kumzuia mtu asipige. Akishapiga, hana la kufanya. Basi tazama wapinzani wameruhusiwa kupiga mara ngapi kutoka mbali. Hiyo ndiyo tabia ya ulinzi. Timu inayowaacha watu wapige ovyo na haijaadhibiwa bado, mimi siiamini.

Ribaundi nazo usizihesabu kwa jumla. Timu yenye mitupo mingi iliyokosa ina ribaundi nyingi za kugombea. Uliza hivi: kati ya mipira yote iliyodunda kwenye ringi ya mpinzani, wamechukua asilimia ngapi? Katika pambano hili swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu North Carolina kwa miaka mingi wamejenga mchezo wao juu ya kugombea mipira hiyo. Mwaka ule wa 2022 walikuwa na Armando Bacot, na watani hao walipokutana mara ya tatu, Aprili 2 katika nusu fainali ya NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani, kule New Orleans, alichukua ribaundi 21. Ikiwa ulinzi wa upande wa pili unafungia mtu nje vizuri, yaani unamkinga kwa mwili asiufikie mpira, faida hiyo hupungua. Ikiwa senta wao, yule mrefu anayecheza chini ya kikapu, hupenda kuruka kuzuia kila mtupo, huacha mgongo wake wazi. Takwimu zitakuonyesha asilimia, lakini tabia hii ya senta itafute kwa macho, kwenye mechi mbili tatu za karibuni.

Mipira inayopotezwa nitaipitia haraka: zingatia ile inayoibwa. Mpira uliotoka nje husimamisha mchezo na ulinzi hujipanga; ulioibwa humalizikia kwenye ringi yako.

Halafu watu. Januari 2022 Dawson Garcia aliondoka kwenye kikosi cha North Carolina, na Brady Manek, aliyekuwa amehamia kutoka Oklahoma, akachukua nafasi ya kudumu kwenye tano ya kwanza. Manek ni mrefu anayepiga kutoka mbali, hivyo mrefu wa upande wa pili hulazimika kumfuata nje na Bacot hubaki na nafasi chini ya kikapu. Ile Machi 5, wanne kati ya watano walioanza walifika pointi 20 au zaidi: Bacot 23, Caleb Love 22, RJ Davis 21, Manek 20. Wastani wa msimu mzima ulikuwa bado umebeba mechi za Novemba, za kikosi kilichopangwa tofauti. Kwa hiyo ukiona kikosi kimebadilika, anza hesabu yako upya kuanzia siku hiyo, hata kama mechi ni chache. Siku hizi wachezaji huhama vyuo kila mwaka, na namba za msimu uliopita huwa za watu wengine kabisa.

Benchi fupi, lenye wachezaji wachache wa akiba, lina hatari yake. Kwenye vyuo mchezaji hutoka kwa faulo 5, na kwa wanaume faulo ya 7 ya timu katika kipindi humpa mpinzani mtupo huru, na akifunga anapewa wa pili. Kuanzia ya 10 anapewa miwili moja kwa moja. Kule New Orleans, Bacot alitolewa kwa faulo ya tano sekunde kama 46 kabla ya mwisho. Mark Williams wa Duke akaenda kwenye mstari wa mitupo huru, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 1, akakosa yote miwili. Love akajibu kwa kikapu cha pointi 3, na North Carolina wakashinda 81-77. Kwa hiyo andika pia ni nani wanaopelekwa kwenye mstari mara kwa mara, na asilimia ya kila mmoja wao, siyo ya timu nzima.

Ugumu wa ratiba usiusahau. Tangu 2024 Atlantic Coast Conference, ligi ya Duke na North Carolina, ina vyuo 18, na haiwezekani kila mmoja akutane na kila mwenzake nyumbani na ugenini. Timu moja inaweza kuwa imepewa wanyonge mara mbili. Watafute wapinzani ambao Duke na North Carolina wote wamecheza nao, uone nani alicheza wapi.

Uwanja: Cameron Indoor ya Duke ilifunguliwa 1940 na huchukua watu 9,314, wanafunzi wakiwa karibu kabisa na mstari. Dean Smith Center ya North Carolina huchukua zaidi ya 21,000. Wachambuzi wengi huhesabu uwanja wa nyumbani kama pointi 3 hivi. Vyuo hivi vimetengana kilomita 16 tu, hivyo hakuna uchovu wa safari. Angalia badala yake nani amepumzika siku ngapi.

Mwisho ijumlishe. Chukulia wastani wa ligi ni 106 kwa mashambulizi 100. Wageni hupata 114, yaani 8 juu. Wenyeji hufungwa 100, yaani 6 chini. Tarajia 108. Upande wa pili, wenyeji hupata 109 na wageni hufungwa 97: 3 juu, 9 chini, tarajia 100. Kadiria mashambulizi 68, ukiegemea kati ya mwendo wa timu hizo mbili. Unapata 73 kwa 68. Punguza pointi 3 za uwanja, na wageni wanabaki mbele kwa 2. Sasa rudi kwenye orodha ya majeruhi saa moja kabla ya mpira kurushwa, na kama senta wa kwanza hayumo, zifanye upya safu za ribaundi na mitupo huru.