Memoranda ya mipaka ya eneobunge: anza na hesabu

IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka ya Kenya, ikitangaza kwamba inapitia mipaka, wengi Nairobi hupeleka barua ya malalamiko: tumesahaulika, tupewe eneobunge letu. Barua kama hiyo haina pa kushikwa. Kifungu cha 89 cha Katiba kinapima kwanza idadi ya wakazi, kwa hivyo kwenye memoranda yako, yaani maoni unayoiandikia tume, tanguliza hesabu.

Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawanya kwa maeneobunge 290, upate takriban 164,015. Hicho ndicho kipimo. Kwenye majiji na sehemu zenye watu wachache, eneobunge linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 40; kwingineko ni asilimia 30. Kwa Nairobi, basi, sakafu ni kama 98,409 na dari 229,621.

Sasa tazama: Nairobi ina watu 4,397,073 na maeneobunge 17, wastani 258,651. Wastani wa jiji zima umeshapita dari! Kwa kipimo kile jiji lingestahili karibu 27. Lakini usikimbilie kudai viti kumi. Idadi ya 290 imo ndani ya Katiba yenyewe; kiti kikiongezwa hapa, kuna mahali kimetoka, na wenyeji wa huko nao wataandika.

Kinachoharibu memoranda nyingi ni takwimu zisizo zake. Usitumie wapiga kura waliojiandikisha. Wanaohesabiwa ni wakazi, hata mtoto mchanga. Pia sensa imepanga Nairobi kwa kaunti ndogo 11, si kwa maeneobunge. Embakasi kwenye sensa ni kaunti ndogo moja. Kwenye kura ni maeneobunge matano. Ukichukua jumla ya ile ukaigawa kwa tano, umeshapotea. Fungua jedwali la kata ndogo kutoka KNBS, shirika la takwimu la taifa, ujumlishe moja moja zile zilizo ndani ya mpaka unaoupendekeza, na uambatishe orodha hiyo.

Kisha chora mpaka kwa vitu visivyohama: "kutoka makutano ya Barabara ya Jogoo na Outer Ring, kuelekea kusini hadi Mto Ngong." Usiandike "karibu na steji", steji huhamishwa. Hapo ndipo utaje sababu nyingine ambazo Katiba inazitambua: maumbile ya nchi na miji, masilahi ya jamii, historia, uchumi na utamaduni, njia za mawasiliano. Mto usio na daraja ni hoja nzuri kuliko kurasa tatu za manung'uniko.

Angalia na kalenda. Mapitio yasipokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Na uamuzi ukishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, una siku 30 kuupinga Mahakama Kuu, nayo inapaswa kuamua ndani ya miezi mitatu tangu kesi iwasilishwe. Weka nakala ya memoranda yako yenye muhuri wa kupokelewa. Wakili ataiulizia siku ya kwanza.