Trela ya Filamu Huru: Kuihariri na Kuijaribu kwa Watazamaji

Mtayarishaji asiye na kampuni kubwa nyuma yake mara nyingi huifikia trela, yaani video fupi ya kuitangaza filamu, akiwa amechoka na fedha zimekwisha, ndiyo maana trela nyingi huwa muhtasari wa filamu nzima, pamoja na mwisho wake. Trela inayofanya kazi humwachia mtazamaji swali moja, ambalo jibu lake atalipata ndani ya filamu tu.

Tuchukue filamu ya kubuni kuhusu binti anayerudi Pangani kudai shamba la minazi la marehemu baba yake. Swali laweza kuwa kama ndugu zake watampokea, au kama hati aliyonayo ni halali. Yakiwekwa yote mawili, kila moja litalifunika jingine. Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kufungua programu ya kuhariri, kisha chagua vipande vinavyolichochea tu, hata kama picha ya machweo mtoni iliyokutesa siku nzima itabaki nje. Theluthi ya mwisho ya filamu usiiguse.

Kuhusu urefu, trela za kumbi za sinema za Marekani kwa kawaida hazizidi dakika mbili na nusu. Filamu isiyo na nyota anayejulikana itoshelezwe na dakika moja na nusu. Nembo za washirika ziwekwe mwishoni, kwa kuwa anayetazama kwenye simu hana subira nazo.

Kwa maoni yangu, sauti ndiyo inayoziangusha trela zetu kuliko picha. Panga kwanza maneno ya wahusika mpaka yaeleweke hata ukifumba macho, ndipo uyavike picha, na usipandishe muziki ili kuficha upepo ulioingia kwenye maikrofoni. Muziki wenyewe uwe na kibali cha maandishi kinachoitaja trela waziwazi, kwa sababu kibali cha kuutumia ndani ya filamu huenda kisihusu matangazo, na YouTube inaweza kuizuia video yenye wimbo wa mtu mwingine.

Toleo la kwanza likikamilika, usilitume kwenye kundi la WhatsApp la waigizaji, ambako kila mmoja atahesabu mara alizoonekana na wote watakupa hongera. Tafuta watu wanane au kumi wasioijua hadithi, wakiwemo wa rika la wazazi wako, na umwonyeshe kila mmoja peke yake, kwani mbele ya mkubwa wake kijana hatasema kinyume. Usitoe utangulizi. Ukiuliza kama wameipenda utajibiwa kwa adabu, na adabu haimsaidii mhariri. Waulize badala yake binti anataka nini, nani anamzuia, wanadhani kitafuata nini, na ni wapi walianza kuchoka. Asiyeweza kujibu maswali mawili ya kwanza amekuonyesha kasoro bila kukulaumu. Ukilazimika kuituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili ubora usishuke, na umpigie simu mara tu anapomaliza kuitazama.

Jaribio kali zaidi ni la kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video na mpira. Mwombe mwenye kibanda aionyeshe kabla ya mechi, kisha wewe kaa pembeni ukitazama nyuso za watu badala ya skrini: ukiona pale wanaporudi kwenye simu zao, umepata sekunde inayohitaji mkasi.

Katika kuchambua maoni, mtazamaji huwa sahihi zaidi kuhusu mahali panapouma kuliko kuhusu dawa. Watatu wakisema ugomvi wa shambani unachosha, chunguza kwanza kilichoutangulia, maana huenda hawakuelewa wanagombania nini. Analolisema mmoja peke yake liandike na uendelee. Toleo la pili lipelekwe kwa watu wapya, kwa sababu wale wa kwanza wameshaijua hadithi na hawawezi tena kuisahau.

Ukikusudia kuipeleka kwenye matamasha ya filamu kama lile la ZIFF la Zanzibar, mpe pia msomaji wa Kiingereza asiyejua Kiswahili aitazame na tafsiri ya maandishi, uone kama anawahi kuisoma. Hifadhi mazungumzo, muziki na maandishi katika mistari tofauti (tracks) ndani ya programu ya kuhariri, ili ukiombwa toleo fupi la sekunde 30 usilazimike kuanza upya.