Bastola ikikwama, anza na magazini

Kwa wenzangu wenye leseni huku Mtwara na Lindi: bastola ikianza kukwamakwama kwenye mazoezi, usikimbilie kulaumu risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, toa magazini (kile kibebeo cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), kagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa jicho na kwa kidole. Kisha zitie magazini zako alama. Ikiwa inakwama na ile moja tu, mchawi umeshampata: springi yake imechoka au midomo ya magazini imepinda.

Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma. Chemba yenye uchafu au kutu huzuia slaidi kufunga hadi mwisho. Safisha, paka mafuta kidogo tu, maana yakizidi yanashika vumbi.

Marekani, ambako wengi hujitengenezea risasi kwa kujaza upya maganda yaliyotumika, wana kipimo ninachokipenda sana. Wanatoa mtutu kwenye bastola, wanadondosha risasi ndani ya chemba. Inatakiwa izame yenyewe, "tap!", na mtutu ukigeuzwa itoke yenyewe. Ikigoma, mara nyingi mdomo wa ganda haukubanwa sawasawa au kichwa cha risasi kimechomoza mno. Ganda likitoka kivivu na kunasa kwenye slaidi, huenda baruti ni kidogo, au mpigaji amelegeza mkono.

Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha papo hapo. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi.