SOMO: Jinsi ya kuikamata betri yenye mAh za uongo, dukani na nyumbani

Habari za kazi wadau. Kila mara naletewa tochi, feni ya kuchaji au pawabenki inayosemekana "imekufa mapema". Nikiifungua nakuta mara nyingi haina ugonjwa wowote, inatoa umeme ule ule iliyotoka nao kiwandani. Uwezo ulioandikwa juu yake kwa mAh (miliampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaubeba) ndio haujawahi kuwemo ndani. Somo hili ni la kumsaidia mnunuzi asipigwe, na mwenye vifaa viwili vitatu apime mwenyewe.

Nitakaa zaidi kwenye ile betri ya duara inayoitwa 18650, kwa sababu imejaa kila mahali: tochi, redio, taa za sola, drili, pawabenki za bei rahisi. Jina lake ni vipimo vyake tu, milimita 18 upana na milimita 65 urefu.

Hatua ya 1: Jua dari iko wapi

Viwanda vinavyoaminika kama Panasonic, LG, Samsung na Murata vimehangaika na kopo hili miaka mingi. Betri zao nzuri za kawaida zinaishia 3500 au 3600 mAh. Zipo chache mpya zinazosogelea 4000. Sasa pita Kariakoo, au Luthuli kwa walio Nairobi, uone kilichoandikwa: 6800, 9900, 12000, nimeona hadi 19800. Kopo ni lile lile! Ndani yake kuna utepe mwembamba wa shaba na wa alumini, umepakwa kemikali na kuviringishwa. Nafasi ikijaa imejaa.

Kwa hiyo 18650 yoyote iliyoandikwa zaidi ya 4000 huna haja ya kuipima. Iache mezani kwa mwenyewe. Na usijidanganye kwamba "hata kama si 9900, basi 3000 zitakuwemo". Mwenye betri ya kweli ya 3400 anaiuza kwa bei nzuri kwa namba yake halisi, hana sababu ya kuivalisha uongo. Wanaoandika 9900 ni wenye betri ya 1200, ya 800, au chini ya hapo. Namba ikizidi kuwa kubwa, mimi natarajia kidogo zaidi ndani.

Dari za saizi nyingine, kwa haraka: 14500 (umbo la betri ndogo ya rimoti) ni 800 hadi 1000. 21700 ni 4000 hadi 5000 na kitu. 26650 ni 5000 hivi. Ile nene ya taa za sola, 32700 ya 3.2V, ni 6000 hivi.

Hatua ya 2: Mizani

Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni. 18650 nzuri ya 3.6V au 3.7V ina gramu 44 hadi 50. Ikisoma 35 au chini, ndani hamjajaa. Zile za 3.2V kwa asili ni nyepesi kidogo, kama gramu 40, hizo usizihukumu kwa kipimo hiki.

Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi wanakosea: betri nyepesi ni ya uongo, lakini betri nzito si lazima iwe ya kweli. Kuna makopo yaliyofunguliwa yakakutwa na betri ndogo katikati, pembeni yamejazwa unga au mchanga. Na kuna zilizozeeka. Niliwahi kuchana ganda jekundu la betri iliyoandikwa 9800, gramu 45 safi kabisa. Chini yake lilikuwepo ganda la pili, la kijani, limekwaruzika, na juu yake mtu ameandika kwa maka peni "1.1". Ilikuwa betri ya laptop iliyochoka. Aliyeichambua aliipima, akaandika alichokipata, halafu mwingine akaifunika nguo mpya. (Chana ganda la plastiki tu. Kopo la chuma usilifungue, litakulipukia au likuwakie mkononi.)

Pawabenki nazo zinapimika hivi hivi. Ya 10000 mAh ya kweli kwa kawaida ina gramu 180 hadi 250 pamoja na kasha. Ya 20000 ni vigumu kushuka chini ya gramu 300. Ukishikishwa ya "50000" nyepesi kama simu, mrudishie muuzaji na umtakie biashara njema.

Hatua ya 3: Geuza mAh kuwa wati-saa

mAh bila volti ni sawa na kuambiwa "ndoo kumi za maji" bila kuonyeshwa ndoo. Kipimo cha nishati yenyewe ni wati-saa, yaani Wh. Hesabu yake:

mAh ÷ 1000 × volti = Wh

Pawabenki ya 20000 ina betri za 3.7V ndani, kwa hiyo 20 × 3.7 = Wh 74. Inapotoa umeme inapandisha volti hadi 5, na 74 ÷ 5 ni 14.8, yaani mAh 14800. Kuna nishati nyingine inapotea kama joto, tuseme asilimia 15, unabaki na 12500 hivi. Huu si wizi, ni hesabu. Angalia maandishi madogo nyuma ya pawabenki ya kampuni ya maana, utakuta wameandika namba mbili: kubwa ya betri, na ndogo zaidi yenye 5V pembeni. Anayeweka namba zote mbili namwamini zaidi. Na ukikuta kifaa kimeandika mAh kubwa lakini Wh haziendani nayo, kwa mfano 30000 mAh na pembeni Wh 37, basi Wh ndiyo kweli iliyomponyoka mtengenezaji: 37 ÷ 3.7 ni 10, hiyo ni pawabenki ya 10000.

Hatua ya 4: Pima

*Pawabenki.* Tafuta kipima USB, kile kidude chenye kioo kidogo kinachochomekwa kati ya pawabenki na kinachokula umeme. Jaza pawabenki hadi mwisho, iache ipoe, futa kumbukumbu ya kipima, kisha iwekee mzigo (kifaa cha kula umeme) wa ampia 1 hadi izime yenyewe. Soma Wh, usihangaike na mAh za kwenye kioo. Gawanya kwa 0.85, halafu gawanya kwa 3.7. Mfano: umepata Wh 22 kutoka kwenye pawabenki ya "20000". 22 ÷ 0.85 ni kama 26, na 26 ÷ 3.7 ni 7. Una pawabenki ya 7000.

Huna kipima? Tumia simu. Simu ya 5000 mAh ikizimwa na kuchajiwa na pawabenki ya 20000 ya kweli, inajaa kama mara mbili na nusu hadi tatu. Ya 10000 inaijaza mara moja na robo hivi. Simu haihitaji kuanzia sifuri, we jumlisha asilimia zilizopanda kila mara ulipochaji.

*18650.* Mwenye chaja yenye kioo inayopima uwezo aitumie, amemaliza. Asiye nayo atafute rezista ya om 4.7 yenye wati 10, multimita, na saa ya ukutani. Betri ikijaa husoma 4.2V. Ifungie rezista kati ya ncha zake mbili, andika muda, uwe unapima volti kila baada ya dakika 15, na ikianza kushuka kwa kasi pima kila baada ya dakika 5. Ikifika 3.0V toa rezista, usiendelee hata kidogo. Kwa wastani inakuwa imetoa ampia 0.78. Zidisha muda wa saa kwa 780, hizo ndizo mAh zako. Betri ya 3000 itakwenda saa tatu na dakika 50 hivi. Ile ya "9900" ingetakiwa ikeshe, zaidi ya saa 12. Ile ya ganda jekundu ilimaliza ndani ya saa moja na dakika 25: mAh 1100. Aliyeandika "1.1" alikuwa fundi mkweli.

Rezista itapata moto, iweke juu ya kigae au sahani, si kwenye kitambaa. Usiondoke ukaiacha.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Tanga: Mkuu asante kwa somo. Drili yangu imeandikwa 88VF na betri yake 20000 mAh. Nikihesabu ndani kuna betri tano tu. Hizo 88 zinatoka wapi?

Zinatoka kwa mchapishaji wa stika, kaka. Hiyo "VF" haina maana yoyote ya kiufundi. Betri tano zikifuatana mstari mmoja ni 5 × 3.6 = 18V, na zikijaa kabisa zinafika 21. Zikifuatana hivyo volti ndizo zinajumlishwa, mAh zinabaki za betri moja. Wao wanachukua 1500 ya moja, wanazidisha kwa tano, halafu wanaongeza chumvi. Ukikuta kumi, tano mara mbili, hapo ndipo mAh zinakuwa mara mbili. Drili yenyewe inaweza kuwa nzuri tu kwa kazi za nyumbani. Ukibadilisha betri zake, weka zile za kutoa ampia nyingi, 2000 au 2500 za kweli, za kutoa ampia 20. Ukifuata zenye mAh kubwa zaidi, nyingi zitashindwa kuvuta.

Mdau, Kakamega: Fundi, fake ni fake, lakini zina hatari gani? Mimi tochi ikiwaka inanitosha.

Ikiwa ni tochi ya betri moja na ukaichaji ukiwa macho, sawa. Hatari ipo kwenye zile kuukuu zilizovishwa ganda jipya, hasa ukizichanganya mbili zenye uwezo tofauti kwenye tochi ya betri mbili. Dhaifu inaisha kwanza, mwenzake anaendelea kuilazimisha hadi inashuka chini kabisa, na siku ya kuichaji ndiyo inavimba au kuvuja. Tena nyingi hazina kinga yoyote ndani (kile kisakiti cha kukata umeme) ingawa zimeandikwa zinayo. Yenye kinga ya kweli huwa ndefu zaidi, milimita 68 hadi 70, pima na rula.

Mdau, Mwanza: Taa yangu ya sola ya nje imekufa betri. Imeandikwa 3.2V 25000 mAh. Fundi wa jirani anataka kuniwekea 18650 za 3.7V, eti zina nguvu zaidi.

Dada, mzuie kwanza. Taa ya 3.2V inachaji mwisho 3.65V, na betri ya 3.7V inahitaji 4.2 ili ijae, kwa hiyo ukiweka hizo hazitajaa hata siku moja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: betri ya 3.2V kwenye chaja ya 4.2V inaumizwa. Fungua uhesabu betri zilizomo. Ukikuta moja nene ya 32700, hiyo 25000 ni ndoto, ni 6000 ikiwa mpya na nzima. Nunua ya aina ile ile, ya 3.2V, nzito. Nzima ina gramu 140 hivi.

Mdau, Muscat: Nakuja likizo Zanzibar na pawabenki imeandikwa 30000 mAh. Nilishaipima, haifiki 9000. Nikiwaeleza uwanjani watanielewa?

Hawatakuelewa, ndugu yangu. Wanasoma stika. 30 × 3.7 ni Wh 111, na kikomo cha kupita bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100. Watu wameshanyang'anywa pawabenki kwa uwezo ambao hazina! Iache, beba ya 20000 au chini, na iwe kwenye begi la mkononi. Ukipitia Dubai na Emirates, tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, na huruhusiwi kuitumia mkiwa angani. Na wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China.

Mdau, Dar es Salaam: Betri ya simu yangu ya kiwandani ni 4000. Dukani kuna ya 6800, saizi ile ile, wanasema ni toleo jipya.

Weka zote mbili kwenye mizani. Saizi ile ile, uzito ule ule, uwezo hauwezi kupanda asilimia 70. Nunua inayosema 4000.

Mdau, Dar es Salaam: Na risiti yao imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi".

Maandishi ya risiti hayafuti sheria. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Ila kabla hujafika huko, rudi dukani na picha ya mizani na risiti. Nimeona wengi wakibadilishiwa bila kelele, hasa wateja wengine wakiwepo.

Mdau, Bukoba: Mkuu, nikiikuta betri ina 1.5V niifufue?

Ya 3.7V ikishuka chini ya 2.0V na kukaa hivyo siku nyingi, usiifufue. Bandika selotepu kwenye ncha zote mbili, usiichome moto na usiitupe na taka za nyumbani. Ipeleke kwa wanaokusanya vyuma na vifaa vya elektroniki vilivyokufa, uwaambie wazi kwamba ni ya lithiamu.